Mashapo ya Kahawa: Kutoka Dele la Bibi Hadi Jagi la Kusukuma

SEHEMU YA 1: Swali la dada wa Mjini



Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja wa hapa Mjini. Mimba yake ina miezi mitano. Shemeji yake karudi kutoka Maskati na zawadi: jagi la kioo lenye mfuniko, na katikati ya mfuniko mna kijiti chenye chujio la waya kwa chini. Unatia kahawa, unatia maji ya moto, unasubiri kidogo, halafu unasukuma kijiti. Mashapo yanashuka chini, kahawa inabaki juu. Madukani wanaliita French press. Mie nitaliita jagi la kusukuma, tuelewane.

Dada anauliza: "Nesi, mama mkwe anasema hii kahawa ya Kizungu ina nguvu mno, itamdhuru mtoto, bora ninywe ya dele kama walivokunywa wao. Mume wangu anasema ya dele ndo mbaya kwa sababu imechemka sana. Nimsikilize nani?"

Ningeweza kumjibu kwa mistari mitatu na yakaisha. Lakini nikaona swali hili lina wenyewe wengi. Siku hizi majagi haya yamejaa, kila anayetoka Uarabuni au Ulaya kalibeba. Na kwenye kliniki ya wajawazito, mama ukimuuliza anakula nini atakutajia kila kitu, ila kahawa haitaji. Kwetu sisi kahawa haihesabiwi. Ni kama maji, ipo tu.

Basi nimeamua kuandika sehemu saba. Tutaanza mbali, Yemeni, tupite Mtoni, Bagamoyo, Paris, hata Norwei, halafu turudi jikoni kwa huyu dada. Nitakachofuata njia nzima ni kitu kimoja kidogo ambacho wengi tunakimwaga bila kukitazama: mashapo. Kila watu waliokunywa kahawa walihangaika na jambo hilohilo, yaani namna ya kuyaacha mashapo nje ya kikombe. Na mtaona kwamba mama mkwe ana haki nusu, na mume ana haki nusu.

SEHEMU YA 2: Kahawa ilivyofika kwetu

Mti wa kahawa asili yake ni Habeshi, nchi tunayoiita Ethiopia. Lakini kinywaji tunachokijua, cha buni iliyokaangwa, ikatwangwa na kutiwa maji ya moto, kilishika sana Yemeni katika karne ya 15. Waliokipenda mwanzo ni masufi. Walikuwa wakikesha usiku kwa dhikri na wanataka kitu cha kuwaondolea usingizi. Kwa hiyo tangu mwanzo watu walijua kahawa inafanya nini mwilini: inafukuza usingizi. Mama mwenye mtoto asiyelala usiku, na nesi wa zamu ya usiku, wote wawili wanalijua hilo bila kufundishwa.

Haikupokelewa kwa urahisi. Mwaka 1511 huko Makka gavana aitwaye Kha'ir Beg aliipiga marufuku, watu wakagombana kama ni halali au haramu, na baadae ikaruhusiwa. Kwa hiyo mama mkwe anayekikataa kinywaji kigeni asionekane mshamba. Kahawa yenyewe ilishawahi kukataliwa Makka!

Bandari ya Mukha, Yemeni, ndo ikawa mlango wa kahawa kwenda duniani. Na sisi hatukuwa mbali na mlango huo. Pepo za kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, zilikuwa zikisukuma majahazi kutoka Uarabuni mpaka pwani yetu, na kusi ikiyarudisha. Yakija yalileta tende, chumvi, papa mkavu, nguo, na desturi za watu waliokuwemo. Neno lenyewe kahawa ni la Kiarabu, na buni vilevile. Na kutokana na kahawa tukaunda mkahawa, pahala pa kunywea kahawa. Wengi leo wanaita mgahawa na wanaagiza wali, wala hawakumbuki tena kwamba ndani ya jina mna kahawa.

Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, desturi ya Waomani ya kumkaribisha mgeni kwa kahawa ikazidi kukita mizizi. Tunaye shahidi wa ndani. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baadae akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo anaeleza kahawa ya Mukha ikihudumiwa nyumbani kwa baba yake katika vikombe vidogo. Vikombe vidogo, mama zangu. Hili likumbukeni, tutalirejea.

Na jambo moja tusilifiche. Kahawa ile haikujikaanga wala kujitwanga. Katika majumba makubwa ya wakati ule kazi za jikoni zilifanywa na watumwa. Soko la watumwa hapa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Tukisifu dele la shaba linavyong'ara, tuikumbuke na mikono iliyolisugua.

SEHEMU YA 3: Dele, seredani na baraza

Sasa tuje kwenye dele. Kwa watoto wetu ambao hawalijui: ni birika la shaba, tumbo pana, shingo nyembamba, mdomo mrefu uliopinda kama wa ndege. Muuza kahawa hulibeba juu ya seredani yenye makaa ili lisipoe, na mkono wa pili ana vikombe anavigonganisha. Ile sauti ya vikombe ndo tangazo lake. Hana haja ya kuita.

Umbo lile lina sababu. Mashapo ni mazito, hutulia chini kwenye tumbo pana. Mdomo huchukua kahawa ya juu, na ukimimina taratibu mashapo hubaki. Uarabuni walikuwa wakiongeza na nyuzi za mtende ndani ya mdomo wa birika ili zizuie vilivyobakia. Yaani kuchuja kahawa sio uvumbuzi wa Wazungu. Wazee wa Bara Arabu walishalifikiria zamani.

Kahawa ya Oman hukaangwa kidogo tu, rangi yake hata haifiki kuwa nyeusi, na hutiwa hiliki. Ya kwetu ilishika njia yake: buni hukaangwa mpaka ikaiva sawasawa, ikatwangwa, ikachemshwa. Kuna chungu, isiyo sukari, ya kunywewa na tende, haluwa au kashata. Na kuna tamu, yenye tangawizi, ambayo ukiimeza kifua chote kinafunguka. Ndugu zetu waliohamia Oman baada ya 1964 walikwenda na ladha hii. Mwaka 2015 UNESCO iliiweka kahawa ya Kiarabu, kama alama ya ukarimu, kwenye orodha ya urithi wa binadamu kwa niaba ya Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Sisi hatumo kwenye orodha ile, lakini ukikaa Jaws Corner baada ya laasiri utaona urithi huohuo, pamoja na dhumna na bao na mabishano ya mpira.

Ila jiulizeni: nani anakaa pale? Wanaume. Baraza la nje lilikuwa lao, na mpaka leo kwa kiasi kikubwa ni lao. Muuza kahawa haingii uwani. Wanawake waliokunywa walikunywa ndani, kwa kahawa waliyoiteleka wenyewe, na historia yao haikuandikwa na wasafiri kwa sababu wasafiri hawakuruhusiwa kuingia. Ndo maana kahawa ya mwanamke haihesabiwi mpaka leo. Haikununuliwa, haikuuzwa, hakuna aliyeiona. Mama anaonja akimpikia mumewe, anamaliza kilichobaki kwenye birika wageni wakiondoka, halafu ukimuuliza kliniki anasema, "Mie sinywi kahawa."

Dada zangu, ile ya kumaliza birika nayo ni kahawa. Na ya chini kabisa ndo ina mashapo mengi.

SEHEMU YA 4: Wafaransa walitupitia mara mbili

Watu wengi wakisikia jina French press wanadhani Wafaransa ndo wametuletea kahawa juzi. La. Wametupitia zamani, na kwa mlango ambao mie kama muuguzi unanigusa.

Disemba 1860 ilifika Unguja misheni ya Kikatoliki kutoka kisiwa cha Réunion, ikiongozwa na padri Fava. Walikuja na masista, na miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafungua hapa Mjini ilikuwa ni spitali. Miaka michache baadae Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaichukua kazi ile, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo.

Réunion zamani kiliitwa Bourbon. Wafaransa walipanda huko kahawa waliyoitoa Yemeni mwanzoni mwa karne ya 18, na mpaka leo ipo aina ya arabika inayoitwa Bourbon. Mapadri walipanda kahawa Bagamoyo, na kutoka kwenye misheni zao ikapanda mpaka Kilema, Kilimanjaro, katika miaka ya 1890. Huko Kenya wakulima waliiita kahawa yao Misheni ya Kifaransa. Kwa hiyo buni iliondoka Yemeni kwa njia mbili: moja kwa jahazi moja kwa moja kuja kwetu, ikiwa kavu ya kunywa tu, na nyengine ikazunguka Bahari ya Hindi kwa Wafaransa, ikiwa mbegu ya kupanda.

Wachagga wakaishika kweli. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima wenyeji, ambacho baadae kikawa KNCU. Kagera nao wana yao ya zamani zaidi, robusta, wanaiita amwani. Kabla ya mzungu yeyote Wahaya walikuwa wakiichemsha buni nzima na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna, na kumpa mgeni. Hawa hawakuhangaika na mashapo hata kidogo, maana walikula buni nzima!

Mara ya pili Wafaransa wametupitia kwa jagi. Mwaka 1852 huko Paris mafundi wawili, Mayer na Delforge, walipata hataza ya chombo cha kahawa chenye chujio la kusukuma kwa kijiti. Halikushika sana. Mwaka 1929 Muitaliano wa Milan, Attilio Calimani, akapata hataza ya jagi lililo karibu zaidi na hili la leo, na mwaka 1958 Faliero Bondanini akaja na lake, likatengenezwa kwa wingi Ufaransa. Kwa hiyo wakikuuliza la nani, ni la Kifaransa kwa kuzaliwa na la Kiitaliano kwa kulelewa.

Ukilitazama vizuri, jagi linafanya kazi ileile ya dele. Dele linangoja mashapo yatulie yenyewe. Jagi linayalazimisha. Yote mawili yanakupa kahawa ambayo haikupita kwenye karatasi wala kitambaa. Hapo ndo mama mkwe na mume wote wamekosea pamoja: wamedhani ni kahawa mbili za mbali, kumbe ni ndugu. Kesho inshallah nitawaonesha kwa nini hilo ni muhimu.

SEHEMU YA 5: Wanorwei, mafuta ya kahawa, na mama wa Dresden

Kaskazini kabisa ya Norwei kuna mji unaitwa Tromsø. Watu wa huko walikuwa na desturi kama yetu: kahawa inatiwa kwenye birika, inachemshwa, inaachwa itulie, inamiminwa. Watafiti wa pale walikuwa wakichunguza kwa nini maradhi ya moyo ni mengi. Mwaka 1983 wakachapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: wanaokunywa kahawa nyingi walikuwa na kolesteroli nyingi zaidi kwenye damu. Baadae ikabainika kwamba kesi kubwa ni ya kahawa iliyochemshwa bila ya kuchujwa. Waliokunywa iliyopita kwenye karatasi hawakuwa na tatizo lile kwa kiasi kile.

Watafiti wa Uholanzi wakamtafuta mwizi mpaka wakampata. Buni ina mafuta yake, na ndani ya mafuta hayo mna vitu viwili vinavyoitwa kafestoli na kahweoli. Sikilizeni hilo jina la pili, kahawa yenyewe imo ndani yake. Vitu hivi, hasa kafestoli, hupandisha kolesteroli. Maji ya moto yanaviyeyusha pamoja na mafuta, na vingine vinaelea na unga mwembamba usiotulia. Chujio la waya la kwenye jagi halivizuwii. Mdomo wa dele hauvizuwii. Karatasi inazuia sehemu kubwa sana, na kitambaa kizito nacho kinapunguza.

Sasa nani aligundua karatasi? Hapa ndo nnapopapenda. Mwaka 1908 huko Dresden, Ujerumani, kulikuwa na mama wa nyumbani anaitwa Melitta Bentz. Alikuwa amechoka na kahawa chungu yenye mashapo kwenye meno. Akachukua chombo cha shaba nyeupe, akakitoboa matundu chini, akachana karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la skuli la mwanawe, akaiweka ndani, akatia kahawa na maji ya moto juu yake. Kikatoka kinywaji safi. Akakipatia hataza mwaka huohuo, akafungua biashara na mumewe, na watoto wao wakisaidia kusambaza mzigo kwa mkokoteni.

Yeye hakujua kitu kuhusu kolesteroli. Alitaka ladha tu. Lakini mama mmoja mwenye daftari la mtoto alizuia kwa bahati kitu ambacho wanasayansi walikuja kukijua miaka 70 na zaidi baadae.

Kwa hiyo nani ahusike na hili? Sio kila mtu. Anayekunywa vikombe viwili vidogo vya kahawa chungu barazani hana haja ya kukosa usingizi. Anayehusika ni yule anayekunywa nyingi kila siku, na mwenye kolesteroli, sukari, presha au maradhi ya moyo ukooni. Huyo namshauri achuje kwa karatasi, au anywe ile ya unga inayoyeyuka, kama ya TANICA ya Bukoba, ambayo ina vitu hivi kidogo mno. Na jambo la faraja: ukipunguza, kolesteroli iliyopanda kwa sababu hii hushuka.

SEHEMU YA 6: Mimba, damu na maziwa

Leo tumefika kwa dada yetu. Kafestoli sio shughuli yake kubwa kwa miezi hii. Shughuli yake ni mbili: kafeini na damu.

Kafeini ndo ile iliyowakesha masufi. Inavuka kwenye kondo la nyuma na kumfika mtoto, naye hana uwezo wa kuivunja. Na mwili wa mama mwenyewe, mimba ikikua, unachelewa sana kuitoa kuliko kawaida. Huduma ya afya ya Uingereza inamshauri mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku, kwa sababu nyingi inahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani nalo linawataka wajawazito wanaozidisha miligramu 300 wapunguze.

Miligramu 200 ni kiasi gani? Kwa makadirio ya hukohuko Uingereza, magi moja ya kahawa ya kuchuja ina 140 hivi, magi ya kahawa ya unga 100, magi ya chai 75, kopo la kola 40. Chai inahesabiwa! Magi moja ya kahawa ya jagi asubuhi na vikombe viwili vya chai ya maziwa, umeshapita. Na ukinunua kahawa Darajani uliza ni ya wapi. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Hapa sasa rudini kwa Sayyida Salme na vikombe vyake vidogo. Wazee wetu walikunywa kahawa kali, lakini kikombe ni mafunda matatu. Jagi limekuja na magi kubwa inayojazwa mpaka juu. Mama mkwe akisema "ina nguvu mno", nguvu haimo kwenye jagi, imo kwenye ukubwa wa kikombe. Hiyo ndo haki yake nusu.

La pili ni damu, na hili ndo linaloniuma zaidi, maana mama anayeanza uchungu hana damu ya kutosha ni mtu tunayemuogopea wote, sisi na waliomleta. Mwaka uleule 1983 ulichapishwa utafiti Marekani: watu waliokunywa kahawa pamoja na mlo wa nyama, madini ya chuma yaliyoingia mwilini yalipungua kwa asilimia 39. Chai ilikuwa mbaya zaidi, asilimia 64. Walipoinywa kahawa saa moja kabla ya kula, haikuzuia kitu. Walipoinywa saa moja baada ya kula, ilizuia vilevile kama waliyoinywa na chakula.

Tazameni desturi zetu sasa. Tunakula, tunanawa, inaletwa kahawa au chai. Na wengine, hili nimelishuhudia, wanamezea kidonge cha kuongeza damu kwa chai. Dada zangu, kidonge kile ukimezea kwa chai au kahawa umekipoteza sehemu kubwa. Meza kwa maji, au kwa maji ya ndimu au chungwa, hayo yanasaidia. Kahawa isubiri masaa mawili baada ya chakula, au itangulie saa moja kabla.

Kwa anayenyonyesha: kafeini inapita kwenye maziwa kidogo. Lakini mtu mzima mwili wake huondoa nusu ya kafeini kwa masaa matano hivi, na mtoto mchanga inamchukua siku kadhaa. Kidogo cha leo kinakutana na cha jana. Mtoto akiwa halali na analialia bila sababu, hesabu kwanza vikombe vyako kabla hujamwita mganga. Na msimuonjeshe mtoto mchanga kahawa kwa kisingizio cha mchango. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu.

SEHEMU YA 7: Namna ya kupika, na neno la mwisho

Kwa wenye majagi, mpikeni hivi.

Kahawa ya unga laini ya dukani haifai kwa jagi. Unga ule unapita kwenye waya, na unaoziba unafanya kijiti kiwe kigumu. Ukilazimisha, maji ya moto yanaruka au kioo kinapasuka. Inataka kahawa ya chenga, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Nunua buni iliyokaangwa, tia kwenye kinu, twanga kidogo, chekecha, tumia zile chenga. Dada, kinu cha mama mkwe wako ndo mashine bora kwa jagi la shemeji yako. Mpe heshima yake, umuombe akutwangie.

Kwa nusu lita ya maji weka gramu 30, kama vijiko sita vya supu visivyojaa. Chemsha maji, yaache nusu dakika, mimina, koroga, funika, ngoja dakika nne. Sukuma taratibu kwa uzito wa mkono tu. Ikigoma, usipigane nayo, vuta juu kidogo halafu rudi. Acha itulie dakika moja, mimina, na ya chini kabisa iache humohumo. Ukitaka kupunguza yale mafuta, ipitishe kwenye karatasi ya kuchujia. Ukitaka tangawizi au hiliki, tia pamoja na kahawa, haina kizuizi.

Sasa sikilizeni nesi. Jagi la kioo lisiwekwe sakafuni, wala kwenye mkeka, wala juu ya meza yenye kitambaa kinachoning'inia. Mtoto anayeanza kutambaa atakivuta. Dele tulizowea kuliogopa kwa sababu ya makaa, lakini jagi linaonekana kama chombo cha juisi na maji yake yanatoka kwenye kuchemka. Usinywe kahawa ya moto huku umempakata mtoto.

Akiungua, Mungu aepushe: mtoe nguo iliyorowa kama haijagandana na ngozi, mtie chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ukiwa umemfunika sehemu nyengine asipate baridi. Hakuna bomba, tumia kata na ndoo. Dakika 20 kwa saa, sio kwa kukisia. Usimpake dawa ya meno, yai, samli wala majivu. Mfunike kwa kitambaa safi, muwahishe spitali. Wanaoletwa wakiwa wamepakwa, kazi yetu ya kwanza ni kuwasafisha walichopakwa, na mtoto analia upya.

Basi dada yangu wa miezi mitano, jibu lako hili hapa. Mama mkwe ana haki kwamba upunguze. Mume ana haki kwamba ya dele iliyochemka sana sio nyepesi kama inavyodhaniwa. Ila jagi na dele ni ndugu, hakuna lililo dawa na hakuna lililo sumu. Tumia lolote, kwa kikombe kidogo cha mama mkwe, kimoja asubuhi, kabla ya chakula au baada ya kutulia sana, na kidonge chako kwa maji. Magi weka mpaka ujifungue na uachishe.

Na siku ya kliniki, nesi akikuuliza unakunywa nini, mtajie na kahawa. Hata ile ya kumaliza birika.

Nimemaliza. Mwenye swali aandike hapo chini. Mwenye bibi yake aliyekuwa akipika kahawa uwani, atuandikie alikuwa akiitilia nini na akiinywa saa ngapi. Hayo hayakuandikwa na wasafiri, tutayaandika sisi wenyewe.